Nyuzi za Nyuma ya Daraja

Chiriku alipiga hodi, na kabla mwenye nyumba hajafungua kinywa, kitu huko ndani kilimwitikia. Kilikuwa kilio chembamba, kama kijiko kilichogusa ukingo wa glasi, kikazimika upesi kana kwamba kimezibwa mdomo.

"Umesikia?" alimnong'oneza dada yake.

"Nimesikia. Vyombo hivyo," alijibu dada mtu, ambaye tangu chuoni aliitwa Pingamizi, kwa sababu hakuna hoja iliyopita mbele yake ikatoka salama. "Na wewe usianze. Tumekuja kukagua gitaa, hatukuja kukagua jiko la watu."

Hao wawili ndio waliokuwa bendi nzima. Pingamizi alipiga, mdogo wake aliimba, kwenye kumbi za sherehe na mikahawa. Gitaa lao la zamani lilikuwa limepinda shingo kiasi kwamba hata ukilisawazisha asubuhi, mchana linakuumbua mbele za watu. Lakini gitaa ni chombo tu, hununuliwa kingine. Kilichowalisha ni koo la Chiriku. Watu waliacha chakula kikapoa wakimsikiliza, na Pingamizi, asiyemsifu mtu kirahisi, alikuwa akigeuza uso kila mdogo wake anapopanda sauti za juu, asije akaonekana machozi.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke aliyewakaribisha kwa mikono tu. Wa kulia ulionyesha viti, wa kushoto haukutoka kifuani. Nyuma yake alikuja mumewe, mwenye gitaa, akiongea chini chini kama mtu mwenye mgonjwa chumba cha pili. Pingamizi akatupa jicho. Madirisha yamefungwa mchana kweupe. Zulia limetundikwa ukutani. Mito imepangwa hadi nyuma ya mlango. Nyumba nzima ilikuwa imevishwa nguo ili isitoe mwangwi.

Huyu ana lake jambo, akasema moyoni.

Gitaa lilikuwa limelazwa kwenye kochi. Halikuwa la kiwandani. Lilichongwa kwa mkono na fundi atengenezaye machache, moja baada ya jingine, na umbo lake lilikuwa lile la kiuno kisicholingana, upande mmoja umetangulia na mwingine umebaki nyuma, kama mtu aliyeegemea ukuta akingoja umpite. Rangi yake ilikuwa ya kijani, kijani cha maji yaliyotuama.

"Kitu kama hiki, mbona unakitoa kwa bei ya huruma?" Pingamizi aliuliza.

"Sipigi tena."

"Kwa nini?"

"Mikono."

Mikono yenyewe ilikuwa mizima kabisa. Yule mtu aliiona inavyotazamwa, akaificha mifukoni.

"Ila dada," akaongeza, "hili ni zito kidogo kwa mwanamke. Kama unamnunulia kaka yako..."

"Kaka yangu hajazaliwa bado. Leta waya."

Chiriku alicheka kwa pua. Pingamizi akaketi kazini. Alifumba jicho moja akaitazama shingo kutoka kichwani hadi kiunoni, kama mlenga shabaha. Imenyooka. Akapitisha kidole kandokando ya vyuma vya shingo, havikwaruzi. Akabonyeza uzi mmoja mmoja juu ya kila chuma akitafuta sauti iliyokufa au inayolia kama nyuki, asiipate. Akachomeka waya kwenye amplifaya, akazungusha vitufe, hakuna mkwaruzo. Akaigonga mbao kwa kifundo cha kidole, ikajibu kutoka ndani, ndani mno, kuliko unene wake. Na kila alipokosa kasoro, shaka yake ilinenepa. Kitu kizima hakiuzwi rahisi na mtu anayekitazama kama nyoka.

"Na hiki?"

Nyuma ya daraja, pale nyuzi zinapovuka kwenda kufungwa mkiani, palisukwa utepe wa sufu nyekundu, chini na juu ya kila uzi, ukakazwa kwa fundo. Magitaa ya umbo hili huwa na kipande kirefu cha nyuzi huko nyuma ambacho hakipigwi na mtu. Huvuma chenyewe, sauti nyingine ikikigusa. Wapigaji wengine hukizima kwa kitambaa. Na wauzaji wajanja hutumia kitambaa hicho hicho kuficha daraja linalocheza, na kila mnunuzi aliyewahi kulizwa anajua: kitambaa kwanza kitoke, ndipo tuongee.

"Hicho acha," mwenye gitaa alisema, haraka mno.

"Kwa nini?"

"Basi tu, kelele."

"Mzee wangu, mimi sinunui mbuzi kwenye gunia." Na fundo likawa limeshafunguka, na utepe wote umevutwa.

Mwanamke alitoka chumbani nusura akimbie. Mumewe alijiziba mdomo kwa kiganja. Pingamizi aliwaona wote wawili, akafurahi kimoyomoyo kwamba amewakamata. Akapiga. Daraja halikutikisika. Sauti iliyotoka ilikuwa pana, ya baridi, tamu hadi ikamsahaulisha hoja aliyokuwa nayo mdomoni.

"Jaribu kuimba juu yake," alimwambia mdogo wake.

Chiriku akaimba kidogo, akacheka. "Loo! Tamu jamani!"

Na huko nyuma ya daraja, nyuzi zisizopigwa na mtu zikairudia ile sauti, chini chini, pamoja na kicheko chake. Harufu ya nywele zilizoungua ikapita chumbani, ikaenda.

Mwenye gitaa hakutoa tena kiganja mdomoni. Aliikubali bei kwa kuinamisha kichwa, akawaonyesha mlango.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Ukumbini watu walimfuata Pingamizi hadi nje. "Dada, gitaa lako linaimba kama mtu!" Aliitikia kwa tabasamu pana, na ilimchukua muda kugundua kwamba hakuna tena anayemsifu Chiriku. Sauti ya mdogo wake ilikuwa inapungua. Haikukwaruza, haikupata mafua. Ilikonda tu, kama sabuni ya kuogea. Pingamizi alishuku maji ya baridi, akashuku feni, akashuku vumbi la mapazia. Mwishowe, kwa kuwa hakubaki mwingine wa kushukiwa, akamshuku Chiriku.

Ilikuwa jioni, umeme umekatika. Gitaa limening'inizwa ukutani, waya wake umeviringishwa sandukuni.

"Unajitia," Pingamizi alisema.

"Najitia nini?" Sauti ilikuwa nyembamba kama karatasi.

"Tangu watu waanze kulisifu gitaa, wewe koo linauma. Kabla ya hapo hukuwahi hata kukohoa. Nipe sababu nyingine, nitaikubali."

"Dada, kila nikifungua mdomo, ni kama mtu ananivuta uzi kutoka hapa." Alijigusa kooni. "Anauvuta taratibu, anauviringisha kwake."

"Hiyo si sababu. Hiyo ni hadithi."

Chiriku alisimama. "Kwako wewe kila mtu ni mwongo mpaka athibitishe! Hata mimi! Hata mimi, ndugu yako wa tumbo..."

Sauti ikakatika. Midomo yake iliendelea kucheza, mishipa ya shingo imemsimama, lakini hakikutoka kitu, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba kizima, nzito, ikamwingia Pingamizi puani na kumshuka kooni, na alipotaka kumshika mdogo wake mkono akasikia ukutani, nyuma ya daraja, mahali pasipoguswa na kidole wala na umeme, nyuzi zinaanza kutetemeka zenyewe, kwanza kwa mlio usio na maana, kisha polepole, kama mtoto anayejifunza kutamka, kwa sauti ya Chiriku aliyesimama mbele yake mdomo wazi.

"...moja," lilisema gitaa. "Hata mimi, dada."

Kesho yake Pingamizi alimburuta mdogo wake hadi kwa muuzaji. Tangu jana Chiriku hakutoa hata mguno.

"Nilikukataza," yule mtu alinong'ona mlangoni.

"Hukunikataza! Ulisema kelele!"

"Ningekwambia jinni, ungeacha kuuvuta ule utepe?"

Hoja hiyo ilipita mbele ya Pingamizi, ikatoka salama. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Lilikuwa limefungwa, binti. Ndiyo maana niliuza." Alimtazama mkewe, aliyesimama nyuma na mkono kifuani. "Huyu alikuwa akiimba kuliko huyo wako. Mimi nami niliufungua utepe, na kwa fundi tulikwenda tumechelewa. Nendeni leo hii."

Fundi alikuwa mama wa makamo, mikono imejaa makovu na gundi iliyokauka. Alipolitambua gitaa begani mwa Pingamizi, hata shikamoo hakuiitikia.

"Nani kaufungua?"

"Mimi. Na wewe ulijua kuna nini humo, ukauza?"

"Mbao ilikuwa kifuniko cha kisima kilichoachwa. Nilipenda mlio wake. Sikujiuliza kwa nini watu waache kisima chenye maji wakachote mbali. Nilipoweka nyuzi ndipo nikajua, nikalifunga, nikajidanganya kwamba kufunga kunatosha." Alichukua koleo. "Una haki ya kunikasirikia, mwanangu, ila baadaye. Mkalishe mwenzako hapa, afungue mdomo."

Alifunga milango ya karakana, akalilaza gitaa mezani.

"Nitakata uzi mmoja mmoja, kwa huku nyuma. Kila ukikatika, kilichochukuliwa kitatoka na kumrudia mwenyewe. Na lenyewe litatafuta pa kwenda. Litasema. Litakachosema, lisijibiwe. Ukilijibu umelifungulia mlango. Umenielewa wewe?"

"Nimeelewa, mama."

Uzi mnene ulikatika kwa kishindo, na salamu zikatoka, salamu za Chiriku za kila asubuhi, zikapita juu ya randa na misumeno. Ukafuata mwingine, vikatoka vipande vya nyimbo. Mwingine, kicheko. Kila mara Chiriku alishtuka kama aliyemwagiwa maji, na rangi ikamrudia mashavuni. Ukabaki uzi mwembamba.

"Dada," ule uzi ulisema, kwa sauti ambayo Pingamizi aliijua tangu mdogo wake azaliwe. "Mimi sikuiba. Wewe ndiye ulimwambia aimbe juu yangu."

Pingamizi aliuma midomo. Fundi alikuwa akihangaika na koleo, uzi ukimteleza kila akiubana, kama unaokwepa.

"Ulipenda nilivyolia. Ulimwona anakonda sauti, ukaenda kunipiga tena, na jana ukamwita mwongo, na hata sasa hivi, ukimtazama hapo kitini, kuna sehemu ndani yako inayosema anajitia, ungependa sana iwe kweli, kwa sababu akiwa anajitia, basi wewe huna kosa, na humpendi kiasi hicho, dada, hujawahi..."

"Mwongo!"

Koleo lilibana palepale. Uzi ukaruka. Kipi kilitangulia, neno au koleo, hata Pingamizi hakujua.

Fundi aliinua macho polepole.

"Umesema kitu?"

"Hapana, mama."

Fundi alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaigonga mbao. Ilitoa sauti fupi, butu, ya sanduku la kawaida. "Humu hamna kitu tena," alisema, na uso wake haukuonyesha furaha.

"Dada?" Chiriku aliita kutoka kitini. "Dada, nasikia njaa!"

Pingamizi alimrukia, akamkumbatia, akalia bila kugeuza uso.

Jioni hiyo walikaa jikoni. Chiriku akimenya viazi, akizungumza. Alisimulia alivyoogopa, akahamia kwa muuzaji na mito yake, akamwigiza fundi, akaingia wimbo katikati na kuushikilia mwisho wake juu kabisa, safi, bila kutetereka, akarudi kwenye mazungumzo kutoka papo hapo, na Pingamizi, aliyekuwa akikata vitunguu na kutabasamu, alianza kusubiri kitu asichokijua ni nini, akasubiri, kisu kikapunguza mwendo, hadi alipotambua kwamba anasubiri mdogo wake avute pumzi.

Havuti. Neno lilishika mkia wa neno. Mabega hayakupanda. Kifua chini ya blauzi kilitulia kama meza.

Ilitosha kunyoosha mkono tu, kuweka kiganja mgongoni mwake, na kujua. Maisha yake yote hakuwahi kuacha kitu bila kukikagua. Aliutazama mkono wake. Ulikuwa umeshika kitunguu, na haukusogea.

"Dada, mbona umenyamaza?"

"Nakusikiliza tu, mdogo wangu," alisema Pingamizi, macho kwenye kisu. "Endelea."

Na Chiriku akaendelea.