Unanipenda au Unanipima?

"Dada yangu ni mtu mmoja, jamani! Mbona mnataka kumkata vipande viwili?"

Foleni nzima ya hospitali iligeuka. Aliyefoka alikuwa fundi makochi, shati lake la bluu limejaa chembe za sponji, mkono mmoja umemshika dada yake asianguke. Kwenye mlango wa waraibu wa pombe walikuwa wameambiwa dada anasikia sauti, waende kwa wagonjwa wa akili. Kwa wagonjwa wa akili wahudumu wakanusa pombe, wakamrudisha: aache kunywa kwanza. Tangu asubuhi walikuwa wakipigwa danadana.

Muuguzi mmoja, sare yake nyeupe imenyooka kwa pasi, alisimama mbele yake.

"Kaka, hapa ni hospitali."

"Nitapiga kelele mpaka paa ling'oke, Sista!"

"Basi njoo uzipigie humu." Akafungua stoo ya mashuka, akawawekea viti.

Humo akamuuliza dada mambo yote kwa mkao mmoja: anakunywa nini, sauti zinasema nini, zilianza kabla ya pombe au baada, amewahi kutaka kujidhuru? Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Zilianza kabla," dada akasema huku analia. "Nakunywa ili zinyamaze."

Daktari mkuu akaja juu kwamba huo si utaratibu. Sista akamjibu kwamba utaratibu wenyewe ndio mgonjwa, na yeye hatoki mle mpaka dada apate tiba ya yote mawili. Fundi alimpenda palepale, hana hata haya.

Dada akaanza matibabu ya yote mawili mlemle stooni, na simu za Fundi na Sista zikaanza.

"Umekula, laazizi?"

"Sauti yako tu imenishibisha."

"Muongo mkubwa wewe! Sauti ina mchuzi?"

Mama yake Sista alipopata habari, aliwaka. "Ukoo wa vichaa na walevi! Damu hiyo utaiosha na nini?" Sista alibisha, lakini maneno yalimkaa moyoni. Jioni moja mkahawani, Fundi akiwa kimya kwa uchovu wa kazi, maneno yakamponyoka Sista.

"Siku hizi unalala vizuri?"

"Kiasi."

"Unakunywa mara ngapi kwa wiki? Huwa unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii?"

Fundi akaweka kikombe chini taratibu. Maswali hayo aliyajua vizuri mno.

"Unanipenda au unanipima?"

Akaondoka. Sista akapiga simu, akapiga tena. Haikupokelewa.

Aliposhindwa kuvumilia, alimfuata karakanani kwa gauni jekundu, viatu mkononi kwa kuwa kisigino kimoja kilikatika njiani. Akakaa kwenye kochi lisilo na kitambaa.

"Niulize mimi."

"Nikuulize nini?"

"Yaleyale. Uliza kama kwetu kuna mgonjwa."

Fundi akaweka nyundo chini. "Yupo?"

"Mama. Tangu baba afe anakunywa kwa siri, na usiku anaongea naye kama yupo kitandani. Nawapima ndugu za watu kutwa, kwetu nafunga mlango. Niliogopa ya nyumbani, nikakuhukumu wewe. Nisamehe."

"Mimi nilikasirika kwa sababu swali hilo najiuliza kila nikilala," Fundi akasema. "Naogopa na mimi."

"Basi tuogope pamoja. Nioe."

"Mwanamke anachumbia?"

"Huyu anachumbia. Una neno?"

"Sina. Nakuoa hata leo, mpenzi."

Sista akampigia mama yake palepale, spika wazi.

"Mama, naolewa."

"Na yule wa ukoo wa—"

"Na huyohuyo. Ugonjwa walio nao wao, na sisi tunao, mama. Wao waliubeba mchana kweupe mpaka hospitali. Sisi tunauficha, na utakuua. Sitaficha tena."

Wakadhani amekata. Kisha mama akakohoa.

"Hicho chumba chenu cha hospitali," akasema kwa sauti ndogo, "mtu akija na binti yake, wanamruhusu binti aingie naye?"