Mtoto Hapatanishwi na Aliyemuumiza

Tangu mumewe afariki, Purita alipika kwa ajili ya watu na kula peke yake. Watoto wake walihamia Manila, na simu zao zikawa za Krismasi tu. Kila asubuhi alichemsha wali wa kunata kwa tui la nazi, akaufunga katika majani ya mgomba, akauza suman zake hapo mlangoni. Mchana aliongea na sufuria. Sufuria, Mungu aibariki, haikumbishia.

Mtu pekee aliyeingia jikoni kwake alikuwa Jonalyn, mtoto wa jirani, mwenye miaka tisa. Mama yake alikuwa Kuwait akifanya kazi za ndani. Yeye na mdogo wake, Buboy, waliachwa kwa mjomba wao Rodel. Akitoka shule, Jonalyn alikuja kupangusa majani ya mgomba, akapewa suman moja. Siku asipokuja, Purita aliiona jioni ndefu mno.

Alhamisi moja Jonalyn alipangusa majani akiwa amesimama.

"Kaa, mjukuu wangu. Kigoda kimeota miiba?"

"Siwezi kukunja miguu, Bibi."

Purita akainama, akayaona magoti. Ngozi ilikuwa na vishimo vidogo vidogo, vingine vimetunga usaha.

"Mjomba alinipigisha magoti juu ya choroko," mtoto akasema polepole. "Mpaka taa za barabarani zikawaka. Usimwambie mtu, Bibi."

"Sitasema. Lakini ulifanya kosa gani mpaka akakuadhibu hivyo?"

Jonalyn akaendelea kupangusa. Purita akauliza tena, na tena. Mtoto akayaacha majani, akaenda zake.

Purita mwenyewe, utotoni, aliwahi kupigishwa magoti juu ya choroko. Wengi pale kijijini walilelewa hivyo. Lakini hakuna aliyetoboka ngozi. Moyo ulimuuma. Moyo huohuo ukamnong'oneza neno la aibu: ukisema watamhamisha, nawe utabaki na sufuria yako.

Asubuhi, Loleng mwenye duka alimwona akielekea ofisi ya kijiji. "Pilipili usizozila zakuwashiani?" akamtania. Purita hakugeuka.

Ofisini alimkuta diwani Tacio, mtu mwenye huruma. Tacio alimsikiliza, akatikisa kichwa.

"Jumamosi nitawaita wote, Rodel na mtoto. Watakaa mezani hapa, kila mmoja aseme lake, waombane msamaha, washikane mikono. Si ndivyo tunavyomaliza mambo?"

Ndivyo walivyozoea. Meza ile ilishamaliza ugomvi wa mipaka, mbuzi na matusi ya walevi. Purita akapumua. Mambo yataisha, na mtoto atabaki palepale jirani.

Marivic, afisa ustawi wa jamii, alikuwa amekuja siku hiyo kupima uzito wa watoto. Alikuwa mlangoni na aliyasikia yote.

"Samahani, diwani," akasema. "Mbuzi akila mboga za jirani, wenyewe hupatanishwa. Mtoto hapatanishwi na aliyemuumiza. Wakishashikana mikono, Jonalyn atalala wapi?"

Tacio akakuna kichwa. "Kwa Rodel."

"Na mlango ukishafungwa?"

Marivic akampeleka Purita chumba cha pili, wakae wawili tu.

"Mama, uliona nini kwa macho yako?"

"Rodel ni mnyama."

"Hayo ni maoni yako, tuyaweke kando. Uliona nini?"

"Magoti yenye vidonda."

"Mtoto alisema nini? Nipe maneno yake, usiyapambe."

Purita akayasema kama alivyoyasikia.

"Sasa hivi yuko wapi?"

"Shuleni."

"Kuna mtoto mwingine mle ndani?"

Purita akashtuka. Hakuwa amemfikiria Buboy hata mara moja. "Yupo mdogo wake. Ana miaka minne. Anashinda na Rodel."

"Ndiyo maana tunauliza. Na kuna ndugu mwingine ambaye watoto wanamwamini?"

Purita alimjua: bibi yao mzaa mama, aliyeishi kisiwa cha pili. Angesema "sijui", nani angembishia? Alitazama mikono yake, akayakumbuka yale magoti.

"Yupo bibi yao, Biliran," akasema. "Ni mtu mwema." Machozi yakamtoka. "Lakini mwanangu, nikiwa nimekosea je?"

"Huhitaji kuwa na hakika. Kuchunguza ni kazi yetu. Yako ni kutuambia mapema uliyoyaona na kuyasikia, bila kuongeza chumvi."

"Nilimuuliza sana kosa lake. Tena nilimwahidi siri."

"Usimuulize tena. Kila anayemuuliza anamrudisha juu ya choroko. Akisema mwenyewe, msikilize, mwambie si kosa lake. Siri usiahidi, mwambie utawaeleza watu wa kumsaidia tu. Na usimwendee Rodel. Atamtisha mtoto kabla hatujafika."

Kabla shule haijatoka, Marivic alishazungumza na Jonalyn faraghani, taratibu, mara moja tu. Buboy alichukuliwa nyumbani, na Marivic hakwenda peke yake, alikwenda na polisi. Watoto wote wawili wakapelekwa zahanati, kisha mahali salama pa kulala. Juma lililofuata bibi yao alikuja kuwachukua. Kesi ya Rodel ikaenda kwa wanaohusika. Na Tacio, tangu hapo, akiletewa jambo la mtoto haiti kikao. Anampigia simu Marivic.

"Umejinyima mjukuu kwa mdomo wako," Loleng alimwambia Purita.

"Ndiyo," Purita akajibu, akaendelea kufunga suman.

Jumapili moja simu ililia. Alikuwa Jonalyn.

"Bibi, ni wewe uliyesema?"

"Ni mimi, mjukuu wangu. Nilikuahidi, nikasema."

"Buboy siku hizi halii mlango ukifunguliwa," mtoto akasema. "Anakimbia kwenda kuona nani amekuja."

Simu ikakatika. Purita akabaki ameishika sikioni. Nyumba ilikuwa kimya, majani ya mgomba yalikuwa yanamngoja ayapanguse mwenyewe. Alikuwa mpweke sana. Na hakujuta.