Shikamoo ya Jabal Shams

Asubuhi ile mjomba wangu Hamdun alikuwa Al Hamra, mji ulio chini ya mlima, anakunywa kahawa na kunung'unikia baridi. Kazi yake ni trekta lenye bamba la chuma nyuma, la kukwangulia mchanga na mawe barabarani baada ya mafuriko. Theluji alikuwa hajapata kuikwangua.

Simu ikalia. Dada yangu Shukriya, aliyeolewa Jabal Shams, juu mlimani, ameshikwa na uchungu, theluji imefunga njia, na hospitali iko Nizwa. Mimba mbili zilikwishamharibikia. Hii ndiyo roho yake. Mjomba akatangulia na trekta, mimi nikafuata na gari.

Wakwe zake walitupokea kwa nyuso za kukunja. Hawajatupenda hata siku moja. Kwao sisi ni Wazinjibari tu, Waarabu waliorudi kutoka Unguja. Hata hivyo mama mkwe alimwonya mjomba: njiani, akiitwa na mtu asiyemwona, asiitikie. Ndivyo wachawi wa mlimani wanavyochukua watu. Mjomba akacheka, akasema hamjui Mwarabu wa mlimani wa kumwita yeye.

Tukateremka. Theluji ilianza tena. Trekta mbele, sisi nyuma yake, hatua kumi tu. Shukriya aliuma ushungi wake.

Vioo vilifungwa, lakini tuliisikia. Sauti ya kitoto, Kiswahili safi cha Unguja.

"Shikamoo, babu."

Shukriya akanishika mkono. "Asiitikie," akanong'ona. "Mwambie asiitikie."

Nikapiga honi. Nilichelewa. Mjomba kalelewa Unguja, na hajapata kuiacha shikamoo ya mtoto bila jibu. Nikamwona akiinua mkono, kama afanyavyo akiitikia. Baina yetu na trekta hapakuwa na mtu. Bamba likadidimia, kama mtu kalipanda.

Mtoto alizaliwa Nizwa kabla ya magharibi, wa kiume, mzima. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema. Mjomba akapewa amwadhinie. Akainama kwenye sikio la kulia. Takbira ya kwanza ikatoka. Ya pili haikutoka. Akamtazama mtoto, uso umempauka.

"Marahaba," akasema.

Hajapanda trekta tena. Liko Al Hamra, juani, na huu ni mwezi wa sita tangu siku ile. Kwenye bamba pana alama mbili za viganja vya mtoto, za barafu. Nimezikwangua. Nimezimwagia maji ya moto. Zinarudi.

Kila mwezi nazipima na viganja vya mpwa wangu. Zinakua naye.