Sauti ya Bandani

Banda la zana lililokaa miaka uani bila kufunguliwa halikuwa na utando wa buibui hata mmoja. Seremala aliliona hilo, akafurahi: kazi ya kufagia imepungua. Mkewe alipokea simu za wateja wa kampuni ya bima, na sasa alitakiwa kufanyia kazi nyumbani. Jikoni, kwa kelele za wapwa na masufuria, haikuwezekana.

"Nipe siku nne," alisema seremala. "Nitakutengenezea ofisi kwa vitu vya kuokoteza."

"Siku nne zako nazijua. Kabati la mama mpaka leo halina mlango."

Safari hii alitimiza. Mlango mbovu ukawa meza. Ukutani akapigilia trei za mayai zimeze mwangwi, chini akatandika zulia kuukuu, akatoboa dirisha. Mke aliingia akicheka kama bibi harusi.

Wiki ya pili mteja mmoja akamwambia, "Mwenzako ameshanihudumia, dada. Ila ananong'ona mno."

"Mwenzangu yupi? Niko peke yangu."

"Huyo anayecheka hapo."

Siku hiyo ilianza harufu ya udongo uliolowa, na mvua haijanyesha mwezi mzima. Kisha sauti ya mke ikaanza kupungua: asubuhi anaamka mzima, adhuhuri sauti inakwaruza, jioni anaongea kwa ishara, mpaka alasiri moja, jua likiwaka, akafungua mdomo kumsalimu mteja, hakikutoka kitu, na kabla hajavua hedifoni akaisikia sauti yake mwenyewe, laini, yenye adabu zake zote, ikitoka nyuma ya trei za mayai na kusema, "Karibu, nikusaidie nini?"

Mganga, mama mnene mwenye miwani, aliingia bandani na mkoba wake. Hakukaa. Alitoka miwani imejaa ukungu.

"Naweza kumtoa huyo aliyemo," alimnong'oneza seremala. "Lakini akitoka, anaondoka na alichokishika. Mkeo hatasema tena."

"Na tukimwacha?"

"Vilevile hatasema. Ila sauti yake mtakuwa mnaisikia."

Mke alichukua kalamu, akaandika kwa herufi kubwa: MTOE LEO.

"Kesho," alisema seremala, bila kumtazama. Akapigilia mbao mlangoni. Kesho yake akasema tena kesho.

Asubuhi moja walikuwa wamekaa jikoni, yeye na mkewe, bega kwa bega, na ukimya wa miezi miwili umewakalia kama mgeni asiyeaga, ndipo kutoka uani ikaja ile sauti, ikicheka kicheko cha siku za uchumba wao, ikimwita kwa lile jina ambalo mkewe alimwitia chumbani tu, ikimbembeleza, "Njoo basi, mbona umenisusa?"

Mke akamkamata mkono kwa nguvu zake zote. Midomo yake ilikwenda, ikakwenda.

"Nakuja," alijibu seremala, machozi yakimtoka, huku akivifungua vidole vya mkewe kimoja kimoja.