Mikono Myekundu ya Nthati

Jirani yetu, Mama Mampolokeng, anadai kwamba alfajiri ile alimwona Nthati akitoka ghalani kwetu na gunia dogo la udongo mwekundu, ule ambao bibi aliuweka kwa ajili ya kupamba ukuta wa nyumba, harusi ya kaka yangu itakapofika. Ukimbana sana, anakiri kuwa gunia hakuliona. Aliona mikono tu, nayo ilikuwa myekundu hadi kwenye viwiko.

Nthati ni mtoto wa shangazi yangu. Mama yake alifariki wakati wa baridi, naye akaja kulala nami kwenye blanketi moja. Asubuhi hiyo bibi alitazama mahali pa gunia, hakukuta kitu. Akamuuliza Nthati udongo wa mikononi ameutoa wapi. Nthati akanyamaza. Bibi akanigeukia.

"Keneuoe, wewe unalala naye. Umeona nini?"

Ningesema nilichoona, yaani mikono. Lakini nilikuwa nimechoka kugawana blanketi.

"Aliyechukua udongo lazima awe na mikono myekundu," nikasema. "Nthati anayo. Basi ni yeye."

Mama Mampolokeng akamcheka Nthati pale uani. "Nawa tu, binti, tumeshakuona."

Jumamosi Nthati akapelekwa kwa baba yake mdogo, huko juu milimani. Hakulia. Alikunja sare yake ya shule, akaiacha juu ya blanketi letu.

Jumatatu Mwalimu Sekoati alitutaka tueleze mraba ni nini. Niliandika kwamba umbo lenye pande nne sawa ni mraba. Mwalimu alichukua vijiti vinne vya urefu mmoja, akavifunga kwa uzi kwenye pembe, kisha akasukuma pembe moja kwa kidole. Umbo likalala upande. Pande zilibaki sawa, ila mraba haukuwepo tena.

"Kila mraba una pande nne sawa, hapo ni kweli," alisema. "Lakini umegeuza maneno, Keneuoe, na yameanguka."

Akaandika ubaoni: Umbo la pande nne ni mraba ikiwa, na ikiwa tu, pande zake zote ni sawa na pembe zake zote ni pembe mraba.

"Maneno haya yanakwenda na kurudi. Yale yanayokwenda bila kurudi, usiyatumie kukipa kitu jina. Wala mtu."

Nilipotoka shule nilipita makaburini. Kwetu mtoto haruhusiwi kwenda huko peke yake, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Nthati alinyamaza. Mawe ya kaburi la mama yake yalikuwa yamepakwa udongo wa korongoni, mwekundu uliopauka kuliko ule wa bibi. Juu yake alikuwa amechora miraba kwa kidole, mstari baada ya mstari, kama ukuta wa harusi.

Nilimweleza bibi yote, hata habari ya blanketi. Aliingia ghalani, akaanza kutafuta upya. Kisha akaenda nyuma ya kapu kubwa la mahindi, akatoa gunia. Alikuwa amelihamisha mwenyewe siku paa lilipovuja, akasahau.

Tulipanda hadi kwa baba yake mdogo, tukamkuta Nthati nje, anasugua sufuria. Bibi alimshika bega, akamwambia amemkosea. Mimi nikachuchumaa karibu naye.

"Mimi ndiye niliyesema, Nthati. Turudi nyumbani, ndugu yangu. Ukuta bado haujapakwa."

Aligeuza sufuria, akaanza kusugua upande wa pili.