Bibi Raya Amelika

Zuwena anaishi Pemba, karibu na bahari. Karibu mno. Kaa huingia jikoni bila kupiga hodi.

Kwao kuna boti moja. Inaitwa Sina Habari. Hupeleka watu mjini na watoto skuli. Siku moja ilimpeleka mbuzi harusini.

Sina Habari hulala majini, imefungwa kwa mnyororo mrefu. Upande mmoja wa mnyororo ni boti. Upande wa pili ni jiwe kubwa, chini kabisa.

Mnyororo una pete nyingi za chuma. Na kila pete ina jina la mtu wa ukoo.

Hii ni Babu Vuai, aliyejenga boti ya kwanza. Hii ni Bibi Kidawa, aliyempiga papa kwa mwiko. Hii ni Mjomba Makame, aliyekuwa akicheka, anajamba.

"Usiyasahau majina," Baba husema. "Ukisahau jina, umemsahau mtu."

Siku za bamvua, bahari hurudi nyuma mbali, mbali sana. Boti hulala ubavu. Mnyororo hubaki mchangani. Hapo ndipo husafishwa, upesi upesi, kabla maji hayajarudi.

Leo ni siku hiyo. Zuwena ana kisu butu. Baba ana kisu kikali. Mjomba Faki, kaka yake Mama, ana kisu na maneno mengi.

Sharti ni moja tu. Usimkwangue mtu wa ukoo kabla hujamwamkia.

"Shikamoo, Babu Vuai! Una ndevu za mwani!"

Salimia kwanza, kwangua baadaye.
Kwaru, kwaru, kwaru!

"Shikamoo, Bibi Kidawa! Una chaza puani!"

Salimia kwanza, kwangua baadaye.
Kwaru, kwaru, kwaru!

"Shikamoo, Mjomba Makame! Kuna kaa ndani ya suruali yako!"

"Maskini kaa," alisema Mjomba Faki. "Kavumilia mengi."

Kisha wakafika kwenye pete ya Bibi Raya.

Bibi Raya ni mama yake Baba. Hajafa. Yupo pale pale, amekaa juu ya ndoo, anatafuna tambuu na kutoa amri.

"Nikwangueni vizuri!" alisema. "Msiniache na magamba kama mwamba!"

"Shikamoo, Bibi Raya!" Zuwena aliiambia pete.

"Marahaba!" Bibi akajibu kutoka kwenye ndoo.

Kwaru, kwaru, kwaru! Chaza wakadondoka. To! To! To!

Zuwena akakodoa macho. Chini ya chaza, pete ilikuwa imelika. Upande mmoja ulibaki mwembamba kama mguu wa kuku.

Pete hiyo ndiyo inayogusa mchanga. Maji yakijaa, inanyanyuka. Maji yakitoka, inalala. Kila siku inajisugua, inajisugua, inajisugua.

"Baba," Zuwena alinong'ona. "Itakatika."

Baba akatazama. "Itakatika leo leo. Maji ya bamvua yana nguvu."

"Na boti?"

"Itakwenda zake. Na sisi hatuna nyingine."

"Basi mwambie Bibi kuwa amelika, tuikate pete."

"Mimi?" alisema Baba. "Faki, mwambie wewe."

"Mama ni wako, mimi ni shemeji tu!" alisema Mjomba Faki. "Mwaka jana nilimwambia chai yake haina sukari. Mpaka leo sijapewa chai."

"Mnanong'ona nini huko?" Bibi aliita. "Pete yangu ikoje?"

"Imara, Mama!" alisema Baba.

"Kama nguzo ya msikiti!" alisema Mjomba Faki. Akaifukia pete mchangani kwa kidole cha mguu.

Chup, chup, chup. Maji yakaanza kurudi. Yalimtekenya Zuwena vidoleni.

Chup, chup, chup. Yakamfika kwenye vifundo.

Zuwena akaitazama Sina Habari. Akaiona moyoni ikienda, ikienda, mpaka ikawa nukta.

Akamwendea Bibi.

"Shikamoo, Bibi."

"Umeshaniamkia."

"Bibi, umelika."

Bibi akaacha kutafuna. Hata kaa wa Mjomba Makame alisimama.

"Nani kalika?"

"Wewe, Bibi. Pete yako. Leo utakatika, na boti itakwenda zake."

Baba akaanza kuhesabu mawingu. Mjomba Faki akajificha nyuma ya boti.

Bibi Raya akainuka. Akakunja kanga yake mpaka magotini. Akaingia majini, chubwi, chubwi. Akaifukua pete, akaigeuza, akaisogeza karibu na jicho.

"Mimi huyu?"

"Wewe, Bibi."

"Kama mguu wa kuku?"

"Wa kuku mgonjwa, Bibi."

Bibi akatema tambuu. Ptu!

"Wanaume wawili wazima!" alifoka. "Mnaacha boti ipotee, eti mnanistahi! Hiyo heshima mtaipanda kwenda mjini?"

"Hapana, Mama," alisema Baba.

"Hapana, Mama," ilisema sauti nyuma ya boti.

"Basi nikateni! Haraka!"

Baba akatoa sanduku la vifaa botini.

Kere, kere, kere! Msumeno ukalia. Maji yakamfika Zuwena magotini.

Kere, kere, kere! Maji yakamfika mapajani.

Kachu! Pete ikakatika.

Baba akaunga mnyororo kwa pete mpya, nene, yenye parafujo. Akaikaza. Kisha akaifunga kwa waya, parafujo isije ikajifungua yenyewe.

"Na huku juu, mnyororo unapogusa boti?" aliuliza Bibi. "Au mpaka mtoto awaambie?"

Mjomba Faki akachukua mpira mkuukuu wa maji, akauchana ubavuni. Akauvisha mnyororo pale juu, akaukaza kwa kamba. Sasa chuma hakitasugua boti, na boti haitasugua chuma.

"Mnyororo umevaa soksi!" alisema Zuwena.

Maji yakamfika kiunoni. Baba akambeba mabegani.

"Pete mpya tuiiteje?" aliuliza Baba.

"Tuiite Zuwena," alisema Mjomba Faki. "Kasema kweli."

"Zuwena atasubiri zamu yake," alisema Bibi. "Iiteni Bibi Raya. Mimi sijafa. Nimebadilishwa tu."

Boti ikatikisika. Ikainuka. Ikasimama wima juu ya maji. Mnyororo ukanyooka, ukakaza.

Kacha!

Wote wakautazama mnyororo.

Sina Habari ikavuta kushoto. Ikavuta kulia. Haikwenda popote.

"Haya," alisema Bibi Raya. "Faki, twende nikupe chai."

Usiku, Zuwena alijilaza kitandani ubavuni mwa Bibi. Nje, maji yalikuwa yakivuma. Vuuu. Vuuu.

"Bibi, maji yanavuta."

"Yavute."

"Umeishika boti?"

"Nimeishika. Lala."

Zuwena akafumba macho. Lakini wa kwanza kukoroma alikuwa Bibi. Kroo! Kroo!

Akakoroma mpaka asubuhi, na boti hakuiachia.