Nimekuja Kungoja Ipoe

"Usioke!"

Mdogo mtu alimpokonya dada yake mwiko.

"Nasema usioke, dada! Mwanamume amepotea miaka mitatu, leo anakuagiza keki za kwenda kuposea, na wewe unapasua mayai?"

"Mteja ni mteja. Nipe mwiko wangu."

"Mteja gani? Huyo si Pimamaji?"

"Namba ni ngeni."

"Namba ngeni, mlafi yule yule! Hebu soma tena."

Dada mtu alifuta unga mkononi, akaichukua simu, ingawa ujumbe ule alikwishauhifadhi moyoni tangu juzi:

"Habari ya kazi. Naomba trei moja ya brauni, vipande thelathini na sita, vyote sawa. Nakwenda nazo kuposa. Nitazifuata mwenyewe Jumamosi saa tisa. Kingo usitupe."

Kingo usitupe. Ni nani mwingine chini ya jua angeomba kingo?

Mtaa mzima ulimwita dada huyu Bi Mraba. Brauni zake, zile keki bapa za chokoleti, zilikatwa sawasawa hivi kwamba nzi akitua juu yake alijiona mchafu, akaondoka kwa adabu. Wanaobisha wabishe, mimi nimewaona hao nzi. Siri yake ilikuwa ndogo tu. Trei ikitoka kwenye oveni, haiguswi saa mbili nzima. Ikipoa, anapunguza kingo nne zilizokauka, anachovya kisu kirefu kwenye maji ya moto, anakifuta, anakishusha wima mara moja bila kuburuta, anakifuta tena.

Kingo hizo zilikuwa na mwenyewe. Pimamaji, fundi wa vigae, alikuwa akikaa kwenye kigoda kando ya friji, anazitafuna moja moja huku akimtazama Bi Mraba kama mtu anayetazama mvua dirishani. Jina hilo alilipata kwa kuwa hakuachana na kile kifaa chake cha kupimia usawa. Wapo waliosema hata shati lake alilipimia kwenye kamba.

Alikwishamwomba Bi Mraba waoane. Bi Mraba akamwambia, "Ngoja kwanza." Akangoja. Mwaka ukaisha, wa pili ukaisha.

Ndipo siku moja Bi Mraba, hoi kwa kazi, akajilaza kidogo. Pimamaji akaona amsaidie. Miraba si ndiyo kazi yake? Akatoa rula, akachora mistari, akaikata trei nzima ikiwa inafuka moshi. Ikawa uji. Na wateja wako mlangoni.

Bi Mraba alipoamka, mdomo ulitangulia kabla ya akili.

"Mtu asiyeweza kungoja keki ipoe, ataweza kungoja nini maishani?"

Mbele za watu. Kumwambia yeye, aliyekuwa amengoja miaka miwili!

Pimamaji alifuta kisu, akakilaza sawa na ukingo wa meza, akatwaa mfuko wake wa vifaa. Baadaye zikaja habari kwamba amepata kazi ya vigae mji wa mbali. Bi Mraba aliandika "nisamehe" mara arobaini kwenye simu, akaifuta mara arobaini. Alipopata ujasiri wa kuituma, ile namba ilikuwa haipatikani tena.

Basi Jumamosi hii aliupokonya tena mwiko, akaoka. Saa saba kamili akaitoa trei. Hata glavu hajavua, mlango ukagongwa.

Alikuwa yeye. Mvi mbili tatu, shati lililopigwa pasi, na vumbi la saruji lisilotoka kwenye kucha.

"Hodi ndani."

"Umesema saa tisa," Bi Mraba alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, akaichukia. "Ndiyo kwanza inatoka motoni. Bado huwezi kungoja?"

"Nimekuja mapema makusudi. Nimekuja kungoja ipoe."

Akakiendea kigoda. Kilikuwa pale pale kando ya friji. Akakaa, mikono juu ya magoti, kama mwanafunzi nje ya mlango wa mwalimu mkuu.

Dakika kumi zikapita. Bi Mraba alifuta meza iliyokwisha kufutwa.

"Huyo bibi harusi, unamjua vizuri?"

"Kiasi."

"Mpole?"

"Hapana."

Nyuma ya pazia mdogo mtu alikohoa kikohozi kisicho na mafua.

"Ameshakubali?"

"Mara ya kwanza aliniambia ningoje. Nikangoja. Kisha nikaharibu kitu chake, akasema siwezi kungoja chochote. Nikaenda zangu. Huko nikalaza vigae, Bi Mraba, kumbi kwa kumbi. Kila nikimaliza chumba nakataza watu kukanyaga mpaka saruji ishike. Nakaa mlangoni nalinda. Na kila nikikaa nasema, mbona hili naliweza? Mbona lile la keki lilinishinda?"

Bi Mraba alikigeukia kisu. Hakukigusa.

"Kwao wapi?"

"Mtaa wa nyuma hapo. Amelelewa na shangazi yake. Nimempigia bi mkubwa, amesema niende leo jioni, na nisithubutu kwenda mikono mitupu."

Glavu ilianguka.

"Shangazi yangu?"

"Kama mtaa wa nyuma kuna shangazi mwingine mkali namna ile, basi nimekosea namba."

Bi Mraba hakucheka. Alifungua friji, sehemu ya barafu, akatoa kopo kubwa la bati, akaliweka mapajani mwa yule fundi. Pimamaji alifunua kifuniko. Kingo. Zimefungwa kwenye karatasi, kila karatasi na tarehe yake.

"Za kila Jumamosi," Bi Mraba alisema. "Kopo likijaa naondoa za zamani, naweka mpya. Huyo nyuma ya pazia anasema nimerukwa na akili."

"Ni kweli!" pazia likajibu.

"Wewe ulingoja miaka miwili, nikasema huwezi kungoja. Neno lile limenila. Nisamehe."

Pimamaji alitazama saa ya ukutani. "Bado saa moja na nusu ipoe," alisema taratibu. "Nitakaa."

"Mimi siwezi."

Bi Mraba alinyakua kisu, kikavu, bila maji ya moto, bila kukifuta, akakizamisha katikati ya trei inayofuka.

Mdogo mtu alitoka mbio. "Dada! Ina moto!"

"Najua."

Kipande kilimomonyoka, kikaning'inia, kikatua kiganjani mwa Pimamaji kama tope la moto. Akaruka, akakihamisha mkono huu mkono ule, machozi yakimtoka, na hadi leo anadai ni ya kuungua.

"Hii ndiyo nini sasa?" aliuliza.

"Hii ni ndiyo."

Walikula trei nzima kwa vijiko, watu watatu, wamesimama.

"Na shangazi?" Pimamaji akakumbuka. "Nitampelekea nini?"

"Naoka nyingine sasa hivi. Hiyo itakatwa ikipoa, na wewe utaishika rula."

Jioni ile shangazi alipokea vipande thelathini na sita. Akavaa miwani, akavihesabu, akavipima kwa jicho kimoja kimoja, asione kosa. Kisha akainua uso, akawatazama wawili hao.

"Keki nimeiona," alisema. "Sasa mbona nyote midomo imejaa chokoleti?"